"Umefika", kumbe bado yuko ng'ambo ya barabara

*Swali: Nasoma kompyuta mwaka wa mwisho hapa Dar es Salaam. Mjomba wangu alipoteza kuona kwa presha ya macho miaka mitatu iliyopita. Anaishi Kimara, na kila akitaka kutoka lazima apatikane mtu wa kumfikisha kituo cha mabasi ya mwendokasi. Kwa mradi wangu natengeneza programu ya Android ya kumwongoza kwa sauti. Nimeijaribu naye mara nne. Mara mbili ilimwambia "umefika" akiwa bado ng'ambo ya barabara. Akisimama, mshale unazunguka, anaambiwa ageuke kushoto wakati njia iko kulia. Rafiki ananishauri niongeze kamera ya kutambua mitaro na boda boda, au nifunge kihisi cha kupima umbali, HC-SR04, kwenye fimbo yake. Simu yake ni ya laki tatu hivi. Je, tatizo ni simu, au mimi ndiye sijui kuandika programu?*

Simu ina lawama kidogo, nawe una lawama kidogo, lakini kosa kubwa liko kwingine: programu yako inadai kujua jambo ambalo simu ya mfukoni, hata ya milioni tatu, haina uhakika nalo. Inadai kujua mjomba yuko upande gani wa barabara. Kabla hujaongeza kamera wala kihisi, punguza madai hayo. Ukiongeza vifaa juu ya programu inayosema uongo kwa kujiamini, utakuwa umeipa tu midomo zaidi.

Tuanze na GPS. Setilaiti zake ziko kilomita 20,200 hivi juu yetu, na simu hupima umbali kwa kuhesabu muda ambao mawimbi yametumia kufika. Mawimbi hayo huenda kwa kasi ya mwanga, kwa hiyo kukosea sehemu 10 tu kati ya bilioni moja za sekunde ni kukosea mita 3. Mahali palipo wazi kabisa simu ya kawaida hukosea kama mita 5. Kwenye vichochoro mambo huharibika: wimbi hugonga ukuta, bati au ubavu wa lori kwanza, ndipo lifike kwenye simu likiwa limezunguka. Simu haijui kuwa limezunguka. Inaamini setilaiti iko mbali kuliko ilivyo, na nukta yako kwenye ramani inaruka mita 15 au 20 ilhali mjomba hajainua mguu.

Kuna namba ambayo waandishi wengi wa programu huisoma vibaya. Android ikikwambia kosa ni mita 6, haimaanishi kwamba mtu hawezi kuwa nje ya mita 6. Maana yake ni kuwa kuna uwezekano wa asilimia 68 kwamba yumo ndani ya duara lenye nusu kipenyo cha mita 6. Yaani karibu mara moja katika kila tatu yuko nje yake. Sasa linganisha: barabara ya njia mbili ina upana wa mita 7 hivi, na mtaro wa mtaani unaweza kuwa na sentimita 60. Hakuna ufundi wa kuandika programu utakaoitoa sentimita 60 kwenye mita 6.

Kwa mjomba wako hili ni hatari mara mbili, kwa sababu vituo vya mwendokasi kwenye Barabara ya Morogoro vimejengwa katikati ya barabara. Asiyeona akisikia "umefika" akiwa pembeni, hunyoosha fimbo kutafuta mlango, na mbele yake ni magari. Kwa hiyo lifute neno "umefika" leo hii. Akikaribia mita 20, programu iseme: "Kituo kipo karibu. Kiko ng'ambo. Kivuko kipo mbele." Kisha inyamaze. Na isiseme "vuka" hata siku moja, hata ukiwa na hakika kiasi gani. Kuvuka ni uamuzi wa mjomba, kwa masikio yake, fimbo yake, au mkono wa mtu aliyeombwa msaada. Programu kazi yake ni kumjulisha kuwa amefika mahali pa kuamua.

Mshale unaozunguka ni ugonjwa mwingine. Dira ya simu hupima uga wa sumaku wa dunia, ambao ni dhaifu sana, mikrotesla 25 hadi 65 tu kutegemea mahali. Geti la chuma, nondo kwenye zege, gari lililoegeshwa, spika, au kava la simu lenye kisumaku cha kufungia, kila kimoja kinaweza kuushinda. Mwulize mjomba kava lake ni la aina gani kabla hujagusa mstari mmoja wa msimbo. Halafu ndani ya programu kokotoa nguvu ya jumla ya uga: mipimo mitatu ya dira, kila mmoja uuzidishe kwa wenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili. Jibu likiwa mbali na kiwango cha kawaida cha Dar es Salaam, usiiamini dira kwa dakika hiyo.

Mtu akiwa anatembea una njia bora zaidi: mwelekeo unaotokana na mwendo wenyewe kwenye GPS. Huu huanza kuaminika mtu akifikia kama mita 1 kwa sekunde. Chini ya hapo ni bahati nasibu, na akisimama ni upuuzi mtupu. Ndiyo maana programu yako hukosea hasa mjomba anaposimama. Dawa ni mbili. Kwanza, usimwambie mtu aliyesimama ageuke. Mwambie "tembea hatua kumi, nitakuelekeza", au usubiri. Pili, kama simu ina jairoskopu, itumie kushika mwelekeo wa mwisho ulioaminika: haijui kaskazini iko wapi, lakini inajua umegeuka digrii ngapi, ila huteleza kidogo kidogo, hivyo isahihishe kila anapotembea tena. Nasema "kama" kwa makusudi. Simu nyingi za bei hiyo hazina jairoskopu, na nyingine hazina hata dira. Omba orodha ya vihisi programu inapofunguliwa, na isipokuwepo, usijifanye ipo. Hapo ndipo simu ya laki tatu ina lawama yake halali.

Jambo moja dogo ambalo miongozo ya nje haitakwambia. Utasoma kwingi kwamba wasioona huelekezwa kwa uso wa saa: mbele ni 12, kulia ni 3, kushoto ni 9. Usilitafsiri hilo kwa Kiswahili hivi hivi. Kwetu saa tatu asubuhi mshale mfupi uko kwenye 9, na saa sita mchana uko kwenye 12. Ukimwambia mjomba "mlango uko saa tatu", anaweza kuelewa kulia au kushoto kulingana na alivyofundishwa, na "saa sita" inaweza kuwa mbele au nyuma. Tumia "mbele", "kulia", "kulia kidogo", "nyuma". Kama alipata mafunzo yaliyotumia saa, mwulize aliizoea ipi, kisha weka chaguo hilo kwenye mipangilio.

Sasa njia yenyewe. Ramani ya OpenStreetMap ni hazina kwa Dar es Salaam, kwa sababu mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 uliwashirikisha wanafunzi na wakazi kuchora mitaa kwa ajili ya mafuriko, na mafuriko ni habari ya mitaro. Sehemu nyingi utakuta vichochoro na mifereji imechorwa. Lakini usichukue njia fupi kuliko zote. Anayeona hupenda kukatiza uwanja wa sheli au maegesho. Asiyeona akiingia kwenye uwanja wazi hupoteza kila kitu cha kushika. Yeye hufuata kingo: ukuta, uzio, ukingo wa lami na vumbi, hata mteremko. Kwa hiyo vipe vipande vya njia gharama tofauti. Kwa kuanzia, kila kuvuka barabara kuu kuhesabiwe kama mita 150 za ziada, kila mita ya uwanja wazi izidishe mara 3, na kipande chenye ukuta wa kufuata kiache kilivyo. Kisha rekebisha kwa kumsikiliza mjomba, maana hizo ni namba za kuanzia tu.

Kwa mradi wa mtu mmoja na njia moja, hata hivyo, kuna kitu bora kuliko ramani yoyote, nacho ndicho ningekushauri ukijenge kwanza. Tembea na mjomba njia yote mara moja simu ikirekodi. Kila akifika mahali anapopatambua, abonyeze kitufe na aseme kwa sauti yake: "Hapa ni mashine ya kusaga." "Hapa ukuta unaisha." "Hapa lami inaanza, mtaro uko kushoto." Siku nyingine programu imrudishie sauti yake mwenyewe anapokaribia mita 15. Umemaliza matatizo matatu kwa mpigo: alama ni zake, maneno ni yake, na huhitaji bando.

Mpangilio wa alama ndio ulinzi wako dhidi ya GPS inayoruka. Alama ya 5 isisomwe kabla ya alama ya 4, na kipimo kinachodai kuwa mtu amekwenda kasi zaidi ya mita 2.5 kwa sekunde kitupwe. Kati ya alama na alama, hesabu hatua. Pima mita 50 kwa futi ya fundi, mjomba atembee na fimbo yake, uhesabu; zikiwa hatua 80, hatua moja ni sentimita 62.5. Ukikosea asilimia 5 kwenye mita 40 umekosea mita 2, ambayo ni nzuri kuliko GPS ya kichochoroni. Ila kosa la hatua hujilimbikiza, kwa hiyo alama zisiachane mbali sana: mita 30 hadi 50 ni kipimo kizuri. Na akisema mwenyewe "niko kwenye mashine", abonyeze kitufe, hesabu ianze upya hapo. Yeye ndiye kihisi bora kuliko vyote ulivyo navyo.

Kuhusu sauti: kwa asiyeona masikio yanafanya kazi ya macho, na programu inayosemasema inamfumba macho. Kwa mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde, sentensi ya sekunde 5 inakula mita 6. "Baada ya mita kumi utatakiwa kugeuka kulia" itakwisha kona ikiwa imekaribia. "Kulia, mita kumi" inatosha. Tatizo letu ni kwamba "kulia" na "kushoto" huanza kwa silabi ileile, na pikipiki ikipita hapo katikati, hujui limesikika lipi. Ongeza mtetemo: mmoja kwa kushoto, miwili kwa kulia. Asizibe masikio yote mawili kwa hedifoni. Zile za kuwekwa kwenye mfupa mbele ya sikio ni nzuri lakini ghali, na simu kwenye mfuko wa shati spika ikitazama juu inatosha kabisa. Mfukoni pia ni salama. Mkono mmoja una fimbo, na simu inayoshikwa wazi mkononi kituoni unajua mwisho wake. Kwa hiyo yote ya lazima yafanyike bila kutoa simu, kwa kitufe cha hedifoni ya waya au cha sauti.

Sauti za Kiswahili za kompyuta zipo, za Google na za eSpeak NG. Kagua kwamba sauti imeshapakuliwa kwenye simu kabla ya kuanza safari, la sivyo maneno ya Kiswahili yatasomwa kwa matamshi ya Kiingereza, na "mita" haitatambulika. Namba ziandike kwa maneno. Usiandike "m 10". Na kama anatumia TalkBack, kisoma skrini cha Android, hakikisha programu yako haisemi jambo lilelile ambalo TalkBack nayo inalisema. Sauti mbili kwa pamoja ni kelele.

Usisahau kuwa "asiyeona" mara nyingi bado anaona kitu. Presha ya macho kwa kawaida hula pembeni kwanza, na baadhi hubakiwa na kitundu cha kuona katikati. Mwulize mjomba kama anaona mwanga, rangi, au umbo. Kama ndiyo, maandishi makubwa yenye utofauti mkali wa rangi, usiopungua 4.5 kwa 1, yatamsaidia, na vitufe visiwe chini ya milimita 9.

Sasa ushauri wa rafiki yako. Kamera inavutia kwenye maonyesho ya mradi, lakini barabarani ni ngumu. Mifano mingi ya bure imefunzwa kwa mkusanyiko wa picha wa COCO wenye aina 80 za vitu. Humo pikipiki imo. Twiga yumo. Mtaro haumo. Yaani itamwonya mjomba kuhusu twiga wa Kimara na kumwacha atumbukie. Ukifunza mfano wako mwenyewe utahitaji picha nyingi za mitaro yetu, ya mchana na ya jioni, yenye maji na iliyojaa taka, na bado simu hiyo inaweza kuchukua nusu sekunde au zaidi kwa picha moja, joto likipanda na betri ikishuka. Kila onyo la uongo humfundisha kupuuza, na onyo moja lililokosekana linaweza kuvunja mguu. Liache hilo kwa mradi mwingine.

HC-SR04 ina kazi, ila si ile unayoifikiria. Hutuma sauti ya kilohezi 40 na kusubiri mwangwi, kuanzia sentimita 2 hadi mita 4. Ukuta ulio mbele hurudisha mwangwi vizuri. Mtaro ni shimo: sauti inagusa ardhi kwa mshazari na kwenda zake mbele, hakuna kinachorudi, na ukimya huo kihisi huutafsiri kuwa njia nyeupe. Kwa mitaro hakuna kifaa cha bei hiyo kinachoishinda ncha ya fimbo. Fimbo nayo ina upungufu wake, haigusi vitu vya kuanzia kiunoni kwenda juu: bati la kibanda, tawi, bango, kioo cha daladala. Hapo ndipo kihisi kinafaa. Kivae kifuani, si kwenye fimbo inayoyumba, kiinamishwe juu kidogo, kitetemeshe mota kitu kikiwa chini ya mita 1.2 mbele yake. Ukitumia ubao mdogo wa kielektroniki wa ESP32, mguu wa mwangwi hutoa volti 5 na ubao unataka 3.3, kwa hiyo weka rezista ya omu 1,000 na ya omu 2,000 kugawa umeme. Mota ya mtetemo iendeshwe kupitia transista, usiiunganishe moja kwa moja kwenye ubao. Na HC-SR04 haipendi mvua. Ndugu yake, JSN-SR04T, hustahimili maji, lakini haioni kilicho karibu zaidi ya sentimita 20 hivi.

Jambo jingine litakalokusumbua ni simu kuua programu yako skrini ikizimwa. Iendeshe kama huduma yenye taarifa ya kudumu juu ya skrini, uiondoe kwenye orodha ya kubana betri, na weka mlio mdogo kila sekunde 30. Mlio ukikoma, mjomba anajua programu imekufa. Bila huo, ukimya wa "endelea moja kwa moja" na ukimya wa programu iliyokufa vinafanana.

Si lazima uanze sifuri. Microsoft waliifunga Soundscape, programu yao ya kuwaelekeza wasioona kwa sauti, mwaka 2023, lakini waliachia msimbo wake wazi, na humo utaona jinsi mahali panavyoweza kuwekewa mlio unaosikika kutoka upande palipo badala ya amri za kugeuka. Kuna pia mwongozo wa kimataifa wa ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, uitwao F.921, kuhusu kuelekeza kwa sauti. Usome sehemu ya namna ya kuandika maelekezo.

Unapojaribu, usijifunge kitambaa machoni ukadhani umekuwa mjomba. Wewe utahangaika na giza, yeye ameshalizoea. Tembea hatua mbili nyuma yake. Kubalianeni neno moja tu la dharura, "simama", wala usimshike mkono ghafla. Jaribu njia hiyohiyo asubuhi, jioni, na siku moja baada ya mvua. Andika kila onyo lililochelewa, lililokosekana, na la uongo. Kisha tafuta wengine watano au sita kupitia Chama cha Wasioona Tanzania, TLB, uwalipe nauli na muda wao. Njia zao zibaki ndani ya simu zao: ratiba ya mtu asiyeona ni siri ya usalama wake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu hata ukiwa mwanafunzi.

Kuna mambo mawili ambayo programu haitayatatua na yanahitaji mtu ana kwa ana. Kama mjomba hajawahi kufundishwa kutembea na fimbo nyeupe na mtaalamu, anza na hilo kabla ya majaribio mengine. Ulizeni TLB au ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri. Dalili ni rahisi: fimbo anaiburuta mbele bila kupepea kushoto na kulia kwa upana wa mabega, au anatafuta ukuta kwa mkono. Na la pili ni kliniki ya macho. Kama amebakiwa na uoni wowote, kuacha dawa za matone kunaweza kuumaliza, kwa hiyo ahudhurie hata akiona hakuna faida. Presha ya macho pia hufuata damu, na mjomba ni ndugu wa mama yako. Mama apimwe mapema, hata kama anaona vizuri, kwa sababu ugonjwa huu mara nyingi hauumi wala haupigi hodi. Wewe nawe mweleze daktari historia hiyo siku utakapopimwa.